Gari Kulala Chini Si Kushika Barabara

Kuna imani inayouzwa katika gereji za Busia hadi Tororo kwa bei ya kukata springi: gari likilala chini, linashika barabara. Kadiri pengo kati ya tairi na madigadi linavyozibwa, ndivyo mteja anavyoahidiwa kwamba kona haitamtupa. Vijana wa Subaru wameiamini kitambo, wenye Fielder na Premio wanaiga, na fundi mwenye karo ya kulipa hana sababu ya kumkatalia mtu. Mimi nasema imani hiyo ni kweli ya uwanja wa mashindano iliyoletwa mahali isipofaa. Huku kwetu ni uongo.

Tuwape haki yao kwanza. Gari ambalo uzito wake uko karibu na ardhi haliegemei sana magurudumu ya nje linapokata kona. Hilo halina ubishi, ila lina kipimo. Kitovu cha uzito cha saluni ya kawaida hukaa kama nusu mita hivi juu ya ardhi. Ukikishusha kwa sentimita 4, umepunguza mzigo unaohamia upande wa nje kwa chini ya sehemu moja ya kumi. Faida yote ni hiyo, na huipati mpaka tairi zote nne ziwe zimekanyaga.

Sasa tazama gharama. Kwenye mengi ya magari haya, mkono wa chini unaoshika gurudumu la mbele hutoka kwenye fremu ukiteremka kidogo kuelekea nje. Shusha gari, mkono unalala. Shusha zaidi, unaelekea juu. Hapo ile nukta ambayo bodi huinamia kwenye kona huporomoka haraka kuliko uzito wenyewe. Umbali kati ya nukta na uzito unaongezeka, na bodi inapata nguvu zaidi ya kuinama. Springi zikibaki zilezile, gari lililoshushwa kupita kiasi huweza kuinama zaidi ya lilivyoinama likitoka kiwandani. Timu za mashindano hutibu ugonjwa huo kwa kuhamisha mahali boljointi inapofungwa. Fundi mwenye msumeno hatibu chochote.

"Mbona likikatwa springi linakuwa imara?" atauliza. Linakuwa gumu, ndugu yangu. Springi yenye mizunguko 6 inayofanya kazi ukiiondolea mmoja, ugumu wake hupanda kwa asilimia 20. Dereva anausikia ugumu huo kwenye kiti na kuuita mshiko. Lakini tairi hushika kwa kukanyaga, na kwenye lami yenye viraka springi ngumu, iliyobakiwa na nafasi finyu, huirusha tairi badala ya kuifuatisha barabara. Shokabsoba iliyotengenezewa springi ya awali inashindwa kuituliza. Likija shimo, springi inafika mwisho na kugonga raba ya kuzuia, na kwa dakika hiyo gari ni kama halina springi kabisa. Hilo likitokea katikati ya kona, gurudumu linateleza bila kumwonya mtu.

Na lami yetu ina kisa chake. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 ya kudhibiti uzito wa magari inaruhusu lori lifike tani 56, na foleni za Busia na Malaba huyaweka malori hayo juu ya lami yakisubiri juani. Lami inayokandamizwa hivyo hutitia, ikabaki na mifereji miwili ya magurudumu na mgongo katikati. Mgongo huo hupita chini ya tumbo la gari dogo, palepale ilipo sampu ya oili.

Ongeza matuta. Tuta la kitaalamu, lililobuniwa na maabara ya barabara ya Uingereza miaka ya 1970, lina kimo cha hadi sentimita 10 na upana wa mita 3.7. Upana huo unazidi umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ya saluni, kwa hiyo gari lote huinuliwa pamoja. Tuta fupi na kali la mtaani ni jambo jingine: magurudumu ya mbele yakishavuka, kimo chote kinabaki chini ya tumbo. Saluni nyingi za Japani zina nafasi ya kama sentimita 15 kutoka ardhini. Kata 5, zinabaki 10. Pakia watu watano, springi zinazama tena 3 au 4. Sentimita 6 haziwezi kuvuka tuta la 10, hata uliendee upande upande.

Watatuambia Japani kwenyewe magari hushushwa. Ndiyo, na huko ukaguzi unadai yasipungue sentimita 9 kutoka ardhini, kwenye barabara laini. Kwetu, tangu kituo cha pamoja cha mpakani Busia kizinduliwe rasmi Februari 2018, afisa hukagua hati na mzigo. Nafasi ya springi utaikagua mwenyewe.

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba vijana wanaoshusha Subaru hubandika stika za mbio za magari. Basi wazisome vizuri. Mwaka 1997 Colin McRae alishinda Safari Rally kwa Impreza, na mwaka 2000 Richard Burns akashinda kwa Impreza. Magari ya Safari yaliinuliwa na kuimarishwa, yakapewa springi za kusafiri mbali. Timu hizohizo zilipokwenda kushindana kwenye lami ya Corsica, zilishusha. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyeshinda Safari mara tano kati ya 1973 na 1982, hakushinda kwa kuziba pengo la madigadi. Mabingwa waliuliza barabara kwanza, kisha wakapanga kimo. Sisi tunatazama picha ya Corsica tukiwa njia ya Malaba.

Wenye kuinua wasicheke. Spesa wanazopachika juu ya springi za Wish na Probox haziongezi uwezo wa kubeba hata kilo moja. Zinaokoa sampu, lakini shokabsoba imeshanyooka karibu yote kabla ya safari kuanza, kwa hiyo gurudumu likikuta shimo haliwezi kushuka kulifuata. Jointi za ekseli zinafanya kazi kwa pembe mbaya, raba zake zinapasuka, na uzito unapanda juu wakati kuna abiria wanane na magunia. Wanaoinua na wanaoshusha wana kosa moja: wanapima gari likiwa tupu, kwa jicho, mbele ya gereji.

Gari lipimwe likiwa limebeba. Lipakie kama unavyolipakia siku ya soko, watu na mizigo, kisha fundi aangalie pale shokabsoba inapokutana na raba ya kuzuia. Kama haijabaki nafasi ya angalau sentimita 5 ya kusafiri, huna cha kushusha. Unahitaji springi mpya, pengine ngumu kidogo, zenye shokabsoba zinazolingana nazo. Ikiwa nafasi ipo na unapanda peke yako na mkeo, shusha sentimita 2, kwa springi zilizotengenezwa hivyo, kisha peleka gari alaimenti siku hiyohiyo, la sivyo tairi italika upande wa ndani kabla hujafurahia. Gari la biashara lisishushwe hata kidogo.

Mtu akitaka gari lake lilale kwa sababu linapendeza, ni haki yake. Aseme urembo, alipie urembo, na abiria wake wajue. Fundi anayekuuliza lilale kiasi gani kabla ya kukuuliza unabeba nini na unapita wapi, mwachie msumeno wake utafute mwingine.