Ramani ya sakafu ya bahari inaanzia Newala!

Jamani, hivi nani alituambia kwamba bahari ni ya watu wa Msimbati na Mikindani tu? Ukigusa habari za bahari huku Masasi au Newala unajibiwa: "Hayo ya watu wa pwani." Ajabu! Samaki wakavu tunawala kila siku.

Ngoja nieleze. Huwezi kuzamisha mpiga mbizi kila mita ya bahari, pesa haitoshi. Kwa hiyo wataalamu hukusanya takwimu za maumbile: kina, mteremko, joto la maji, mikondo, mwanga unaofika chini, mchanga au tope. Kompyuta inakisia: hapa matumbawe, hapa nyasi bahari, hapa tope tupu. Kisha wapiga mbizi wanahakiki sehemu chache. Mkulima wa korosho naye hutazama udongo na mteremko kabla ya kuchimba shimo. Akili ni ile ile.

Sasa tazama kwetu. Meli za kutafuta gesi zimepima bahari ya Lindi na Mtwara hadi kina cha zaidi ya mita 2,000. Zilitafuta gesi, lakini kina na mteremko ni vile vile hata kwa samaki. Kwa Sheria ya Petroli ya 2015, takwimu hizo ni mali ya Serikali, yaani zetu. Kwa nini zitumike kwa gesi tu?

Maji mafupi ndiyo kazi. Setilaiti huona chini pale maji yanapokuwa safi, lakini mdomo wa Ruvuma una tope. Tope hilo hilo huzima mwanga ambao matumbawe na nyasi bahari vinauhitaji. Na pale ndipo ilipo Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa 2000!

Tope linatoka wapi? Simama Shimo la Mungu, Newala, utazame bonde la Ruvuma. Si letu peke yetu. Mto unaanzia Songea, na ng'ambo ni Msumbiji. Lakini kila mti tunaokata kwenye miteremko hii una sehemu yake. Ramani inayoishia ufukweni ni nusu ramani.

Hoja zangu ni tatu. Moja, takwimu za kina na mikondo zifunguliwe kwa vyuo na halmashauri. Mbili, ramani ya kukisia ihakikiwe na wavuvi, na ioneshe wazi pale inapobahatisha. Rangi kwenye karatasi si ushahidi, na ikikosea anayelala njaa ni mvuvi, siyo mchoraji. Tatu, Newala na Masasi waitwe mezani.

Januari 2013 Masasi iliwaka moto, watu wakafa. Cheche ilikuwa ugomvi wa polisi na vijana wa bodaboda, lakini kusini nzima ilikuwa na hasira ya gesi. Watu wasipopewa habari, uvumi unazijaza nafasi. Tusisubiri tena.

Naomba kutoa hoja.