Mtukutu katika Chumba cha Ultrasaundi

Barabara ya Magadi huteremka kutoka Kona Baridi, ikauacha ubaridi wa vilima vya Ngong nyuma yake, ikaingia bonde la joto na migunga. Aina moja ya migunga hiyo huitwa oltepesi kwa lugha ya Kimaasai, na kutokana nayo kituo cha Oltepesi, katika Kaunti ya Kajiado, kimepata jina. Kwa mama mjamzito wa pande hizo, safari ya kwenda kupigwa "picha", kama wengi wanavyoiita ultrasaundi, aghalabu ni ya kupanda mlima kuelekea Kiserian, Ngong au Nairobi. Hata mji wa Kajiado na Kitengela, ingawa ni za kaunti iyo hiyo, hufikiwa kwa kuzungukia Kiserian na Isinya. Tangu mwaka 2016, Shirika la Afya Duniani limependekeza kwamba kila mjamzito apate angalau kipimo kimoja cha ultrasaundi kabla ya mimba kutimiza majuma 24. Pendekezo hilo ni rahisi kuliandika kuliko kulitekeleza mahali ambapo mtaalamu wa kazi hiyo yuko mbali.

Ni wazi basi kwamba kijana wa Oltepesi anayetaka kujifunza kazi hiyo ni wa kutafutwa kwa tochi. Swali linalozuka ni hili: je, ikiwa kijana huyo ana hali ijulikanayo kwa kifupi kama ADHD, afunguliwe mlango au ashauriwe atafute kazi nyingine? Wapo wanaojibu upesi kwamba asiyeweza kutulia darasani hawezi kuaminiwa na tumbo la mjamzito. Jibu hilo lina harufu ya busara, lakini halikufikiriwa vya kutosha.

Ifahamike kwanza kwamba hali hii haitokani na malezi mabaya wala upungufu wa akili. Mwenye nayo hupata taabu kuelekeza fikira zake pale anapotakiwa, kwa muda anaotakiwa. Husahau, hupoteza vitu, huchelewa, hukatiza wenzake, na mara nyingine huzama katika jambo linalomvutia hata asisikie akiitwa. Wala si hali iliyozuliwa juzi, kwani daktari George Still aliwaeleza madaktari wenzake wa London juu ya watoto wa namna hii mwaka 1902.

Nayo hoja kwamba ni ugonjwa wa Wazungu yafaa ipelekwe kaskazini mwa Kenya. Mwaka 2008, Dan Eisenberg na wenzake walichapisha utafiti juu ya wanaume wa jamii ya Waariaal, ambao ni wafugaji. Walichunguza jeni iitwayo DRD4, ambayo aina yake moja ilikuwa imekwisha kuhusishwa na ADHD katika tafiti nyingine. Miongoni mwa wanaume waliokuwa bado wakihamahama na mifugo, wenye aina hiyo walielekea kuwa na lishe bora kuliko wenzao. Miongoni mwa waliokuwa wameweka makao ya kudumu, mambo yalielekea kuwa kinyume. Utafiti huo haukusema kwamba wafugaji wana ADHD, na ni kosa kuutumia kuwasifu au kuwadunisha Wamaasai au jamii yoyote. Ulichoonyesha ni kwamba umbile moja laweza kuwa faida katika mazingira haya na mzigo katika mazingira mengine.

Sasa chumba cha ultrasaundi ni mazingira gani? Taa zimefifizwa. Mgonjwa ni mmoja. Jeli imepakwa, mkono unakisogeza kifaa juu ya ngozi, na kila mkono unapoinama kidogo picha iliyo kwenye kioo hubadilika papo hapo. Mtu ambaye fikira zake hukimbia mahali pakavu huenda zikatulia hapa, ambapo jicho na mkono vinajibizana bila kusubiri. Darasa linalotangulia chumba hicho ni jambo jingine kabisa. Katika Chuo cha Mafunzo ya Utabibu cha Kenya, yaani KMTC, mwanafunzi husomea kwanza stashahada ya upigaji picha za kitabibu, kisha ndipo aingie stashahada ya juu ya ultrasaundi. Kabla ya kufika hapo ana fizikia ya mawimbi, ana anatomia, ana mihadhara ya saa nyingi na mitihani ya kuandika. Wapo watakaoangukia njiani kwa sababu ya kukaa kitini, na mkono wao haujapimwa hata siku moja.

Hata hivyo, hatari ipo, na hakuna faida ya kuificha. Ultrasaundi humtegemea sana anayeifanya. Picha isiyotafutwa haionekani, na ugonjwa ambao haukuandikwa kwenye ripoti ni kana kwamba haukuwapo. Mama wa Oltepesi ambaye kondo la nyuma limeuziba mlango wa kizazi anapaswa kujua mapema ili ajifungulie penye chumba cha upasuaji. Iwapo mpimaji alivutwa na moyo wa mtoto akasahau kulitafuta kondo, damu itakuja kumkumbusha mtu mwingine, usiku, kilomita nyingi kutoka hospitalini.

Lakini ni nani asiyesahau? Mtaalamu mwenye makini ya kupigiwa mfano naye husahau akiwa na mgonjwa wa 30 wa siku hiyo. Ndiyo maana kipimo cha msingi cha uzazi hufundishwa kwa hatua 6: mtoto amelalaje, moyo unapiga, watoto ni wangapi, kondo liko wapi, maji yanatosha, na vipimo vya mwili vinasemaje juu ya umri wa mimba. Tanzania ina ushahidi mzuri juu ya nguvu ya orodha za aina hii. Hospitali ya Ifakara ilikuwa mojawapo ya hospitali 8 duniani zilizojaribu orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, na matokeo yakachapishwa mwaka 2009. Katika hospitali hizo kwa jumla, vifo vilipungua kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Hakuna aliyesema kwamba madaktari wa Ifakara walipewa orodha kwa kuwa wana kasoro. Mbona basi mwanafunzi akiomba hatua hizo zibandikwe ukutani aonekane anaomba upendeleo?

Anachohitaji mwanafunzi huyu si kulegezewa kipimo. Maagizo yaandikwe badala ya kutamkwa mara moja mlangoni. Kitabu chake cha kumbukumbu za mazoezi kikaguliwe kila juma, kwani kusubiri mwisho wa muhula ni kumtegea mtego. Mtihani wa maandishi afanyie katika chumba kitulivu. Akipata daktari wa kumpima na kumwandikia dawa, apewe nafasi ya kuhudhuria kliniki. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 260, inautaja upungufu wa kiakili na wa kisaikolojia inapoeleza maana ya ulemavu, na kifungu cha 54 kinatoa haki ya kufikia taasisi za elimu. Baada ya kusaidiwa hivyo, asiyeweza kuzifuata hatua 6 bila kuruka asipewe cheti, awe na ADHD au asiwe nayo. Mgonjwa ana haki kuliko mwanafunzi.

Wanafunzi wa Kiswahili nao wana deni hapa, na si dogo. Lugha iliyopo humpokea mtoto huyu kwa maneno ya lawama: mtukutu, mzembe, msahaulifu, hatulii. Neno "mtundu" angalau lina upande wa pili, kwani humtaja pia mtu mwenye ubunifu. "Mtukutu" halina upande huo. Isitoshe, halimfikii kabisa msichana anayekaa kimya kwenye dawati la nyuma, macho yakiwa ubaoni na fikira zikiwa kwingineko. Na wasichana wa namna hiyo ndio ambao wataalamu hukiri kwamba hupitwa mara nyingi. Tafsiri ya moja kwa moja, "upungufu wa makini", nayo inapotosha, maana makini ipo, tena nyingine ya kuzidi. Ila haituami inapotakiwa, kama maji yanayotikiswa ndani ya kibuyu. Istilahi kama "makini isiyotuama" ingekaribia ukweli zaidi, na wanaoijua kazi ya kuunda istilahi waipinge au waiboreshe.

Mjadala huo usiishie katika kumbi za vyuo vikuu. Mwalimu wa shule ya msingi ndiye anayeandika maoni ya mwisho wa muhula, na mzazi akiyasoma huyaamini. Kwa sasa, juu ya mtoto wa aina hii, sentensi aliyo nayo mwalimu huyo ni moja: "Ana uwezo lakini hajitahidi."