Kabati Lisilo na Tundu la Sarafu



Mzazi mmoja wa Kisondela, wilayani Rungwe, ameleta swali ambalo naamini ni la wengi. Mwanawe wa miaka 12 amezoea kusimama mbele ya mashine ya dubwi kila anapotumwa dukani, na chenji hairudi nyumbani ikiwa kamili. Baba amekemea na ameadhibu, lakini hali ni ile ile. Sasa kijana ameomba wajenge pamoja kabati la michezo: sanduku la mbao lenye skrini, fimbo ya kuongozea na vitufe. Baba hajapata kushika randa maishani. Anauliza kama jambo hilo linafaa, na aanzie wapi.

Tutenganishe kwanza mambo mawili. Dubwi ni kamari. Mtoto hutoa mali yake akitaraji bahati, na mashine imepangwa ili mwenyewe asipate hasara. Kamari imekatazwa wazi katika Suratul Maida, aya ya 90, na sheria ya nchi ya mwaka 2003, iliyounda Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, haimruhusu aliye chini ya miaka 18 kuicheza. Mchezo wa ustadi usio na dau ni jambo jingine. Masheikh wamekhitilafiana katika baadhi ya michezo, lakini kuhusu kamari hawakukhitilafiana.

Hata hivyo, makabati haya nayo yalizaliwa na tundu la sarafu. Mwaka 1972 kampuni ya Atari ya Marekani iliweka kabati la kwanza la mchezo wa Pong katika kilabu cha pombe mjini Sunnyvale, California. Husimuliwa kwamba baada ya siku chache liligoma kufanya kazi, na fundi alipolifungua alikuta kisanduku cha sarafu kimefurika. Ukijenga la kwako, tundu hilo ndilo la kwanza kuachwa. Asiwepo wa kulipa, wala watoto wasiwekeane dau la peremende.

Sasa tuje kwenye mbao. Rungwe ina neema ya misindano, na shamba la miti la Kiwira li jirani. Lakini Rungwe pia ni nchi ya mvua nyingi, na ubao mbichi ukiunganishwa leo, kesho hupinda na kupasuka. Zipange mbao kivulini, juu ya matofali, ukiweka vijiti kati ya ubao na ubao ili hewa ipite, na uziache mpaka zikauke barabara. Asiye na subira hiyo anunue plaiwudi ya milimita 18. Bamba moja la futi 4 kwa 8 latosha kabati dogo la kuweka mezani na kubakisha. Anayeanza asijaribu la kusimama sakafuni, kwani ni zito na kosa lake ni ghali.

Hatua ya kwanza haihitaji msumeno. Pima skrini uliyo nayo, kisha chora ubavu wa kabati kwa ukubwa wake halisi juu ya kadibodi. Mkalishe mtoto mbele yake. Vitufe viwe usawa wa viwiko vyake, na skrini iegemee nyuma kidogo ili asiinamishe shingo. Rekebisha kadibodi mpaka akae kwa raha, ndipo uihamishie alama kwenye ubao. Zile mbavu mbili zibane pamoja na uzikate kwa mara moja, zipate kulingana. Mbavu zikihitilafiana, kabati zima litakwenda upande.

Kabla ya kupiga skrubu toboa kitundu chembamba, maana msindano hupasuka ukingoni. Tumia gundi ya mbao pamoja na skrubu za milimita 40, na hakikisha kila kona kwa pembemraba kabla gundi haijakauka. Matundu ya vitufe huwa ya milimita 28 au 30. Pima kitufe chako kwanza, na ujaribu tundu kwenye kipande kibovu. Piga msasa, kisha paka rangi kila upande, hata chini kusikoonekana, kwani unyevu huingilia huko. Nyuma acha matundu ya hewa.

Kuhusu umeme, vitufe na kompyuta ndogo kama Raspberry Pi hutumia volti 5 tu, na hapo kijana aweza kujifunza kuunganisha nyaya. Waya wa umeme wa nyumba usiguswe na mtoto wala na baba asiyejua. Aitwe fundi. Kompyuta kuukuu ya mapajani nayo yafaa. Michezo ichaguliwe na mzazi, bila kuiba jasho la mtu. Ipo ambayo watungaji wake wameitoa bure, mfano SuperTux.

Mapatano ya matumizi yaandikwe kabla ya rangi kukauka. Adhana ikisikika, skrini huzimwa. Madrasa na kazi za shule hutangulia. Kabati likae sebuleni, si chumbani kwa mtoto, na dada zake wapate zamu sawa na yeye.

Kabati peke yake halitamtoa kijana kwenye dubwi. Lenye kumtoa ni zile Jumamosi kadhaa atakazokaa na baba yake wakipima, wakikosea na kupima tena, na chenji ya dukani ikihesabiwa mbele yake kununulia skrubu. Ajue kila shilingi imekwenda wapi. Basi ndugu yangu, wiki hii tafuta kadibodi na penseli, na mwanao ndiye ashike futi.

Wabillahi tawfiq.