Sarufi ya Hofu: Muhammed Said Abdulla na Bwana Msa Wake

Wapo miongoni mwetu, wapenzi wa lugha na watunzi wa mashairi, ambao wakitajiwa riwaya ya vitisho na upelelezi hukunja uso. Huiita fasihi pendwa, na neno "pendwa" hulitamka kana kwamba kupendwa ni aibu. Tangu nilipotoka chuo cha ualimu hadi nilipostaafu nimewasikia walimu wenzangu wakisema hivyo, na baadhi yao waliwanyang'anya wanafunzi vitabu hivyo mchana ili wavisome wenyewe usiku. Mimi nashika kauli nyingine. Nasema kwamba Muhammed Said Abdulla, mzee wa riwaya hizo, alikuwa bingwa wa lugha kabla ya kuwa bingwa wa vitisho, na kwamba sisi wa bara, hasa wa Unyamwezi, tunamhitaji kuliko hata hao Wazanzibari wenzake.

Alizaliwa Makunduchi, kusini mwa Unguja, mwaka 1918. Kazi yake ya kwanza ilikuwa ukaguzi wa afya, na sikosi kufikiri kwamba riwaya zake zilianzia hapo. Mkaguzi wa afya huingia nyumba za watu, hufunua mitungi, huchungulia visima, huuliza nani kalala wapi na kala nini. Huo ndio upelelezi. Mwaka 1948 aliingia katika uandishi wa habari, akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari, kisha akawa mhariri msaidizi wa Al Falaq, Al Mahda na Afrika Kwetu. Anayeijua siasa ya Unguja ya miaka ile ataona ajabu: Al Falaq lilikuwa la Jumuiya ya Waarabu, Afrika Kwetu la upande wa Waafrika. Mtu aliyepita pande zote mbili lazima alijifunza kwamba kila nyumba ina simulizi yake juu ya tukio lile lile. Kuanzia 1958 hadi alipostaafu mwaka 1968 alihariri jarida la Mkulima. Ndiyo, mwandishi wa mizimu alikuwa akihariri habari za wakulima.

Katika mashindano ya hadithi ya mwaka 1957 na 1958 yaliyoandaliwa na Shirika la Maandiko la Afrika Mashariki, hadithi yake ya Mzimu wa Watu wa Kale ilishika nafasi ya kwanza, na mwaka 1960 ikatoka kitabu.

Tulitazame jina hilo kwa jicho la sarufi. "Mzimu" haumo katika ngeli ya watu. Tunasema mzimu umekasirika, mizimu imekasirika. Siafu huchukua a-, kunguni huchukua a-, lakini mzimu, tunaouogopa kuliko hao wote, tumeuweka pamoja na mti na mto. Tena neno lenyewe lina pande mbili: ni roho ya aliyekufa, na ni mahali penyewe pa kutambikia, pango au gofu au mti. Katika riwaya, Bwana Ali anakutwa ameuawa huko mzimuni, na hofu ya watu ina jibu tayari: mzimu umemuua. Sentensi hiyo haina kasoro ya kisarufi, na haiwezi kufikishwa mahakamani. Hakuna askari anayeweza kukitia pingu kiambishi u-.

Kazi nzima ya Bwana Msa, na kiko chake mdomoni, na rafikiye Najum ubavuni, ni kuihamisha sentensi kutoka u- hadi a-. Ameua. Nani? Kwa faida gani? Wanaosema kwamba Msa ni Sherlock Holmes aliyevishwa kanzu hawakosei kuhusu kiko na rafiki. Ila Holmes wa London hakuwa na kazi ya kubishana na ngeli.

Kisima cha Giningi, kilichotoka mwaka 1968, kinarudia kazi hiyo kwa jina zito zaidi, kwa kuwa Giningi katika itikadi za Unguja ni makao ya wachawi. Mimi nakiona ndicho kilele chake. Vitabu vya miaka ya 1970, kama Duniani Kuna Watu na Siri ya Sifuri, vina Kiswahili kitamu na mazungumzo yanayotiririka, lakini vitisho vimepungua, siri za nasaba zimeongezeka, na Msa wakati mwingine anaeleza mno. Wengine walikwisha kushika usukani: Faraji Katalambulla kwa Simu ya Kifo, Elvis Musiba kwa Willy Gamba wake, na baadaye Ben Mtobwa, mtoto wa Kigoma, kwa Joram Kiango. Hao walileta bastola na ndege. Wasomaji wangu wa kidato cha pili waliwapenda zaidi, sitaficha.

Lakini bastola si hofu yetu huku. Mimi naishi Ipole, kusini mwa Sikonge, penye njiapanda ya barabara ya Mpanda na ya Rungwa. Kiswahili kilifika Unyamwezi kwa miguu, pamoja na misafara ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji, na kati ya maneno tunayoyatumia kwa urahisi mno ni "karogwa". Mtoto akifa kwa homa, karogwa. Ng'ombe wakipukutika, wamerogwa. Washairi wenzangu, litazameni umbo hilo: ni kitenzi cha kutendwa kisichomtaja mtenda. Nafasi ya mtenda iko wazi, na nafasi wazi hutafutiwa mtu. Katika Usukuma na Unyamwezi mara nyingi amekuwa ni bibi kizee, mjane mwenye kashamba, ambaye macho yake yamekuwa mekundu kwa miaka mingi ya moshi wa kuni. Tuna Sheria ya Uchawi tangu mwaka 1928. Vikongwe wameendelea kukatwa mapanga.

Abdulla aliufahamu ugonjwa huu kwa upande wa pili. Riwaya yake humtisha msomaji kwelikweli, haidharau hofu yake, kisha humfundisha kuuliza swali ambalo mganga mpiga ramli haulizi: nani atarithi? Wanafunzi wangu walipofika hapo walikuwa wakinyamaza. Kila mmoja alikuwa na kijiji chake kichwani, na baadhi yao, nadhani, walikuwa na bibi zao.

Mzee huyu alifariki mwaka 1991. Nakala yangu ya Kisima cha Giningi haipo nyumbani ninapoandika haya. Iko kambini porini kwa warina asali, imekwisha kupoteza jalada, na nimeambiwa kwamba anayejua kusoma vizuri huwasomea wenzake usiku, na kwamba wamemkataza kuruka kurasa.