Folda ya Duka Isipofunguka

Tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft ilimaliza muda wake wa kuihudumia Windows 10. Kompyuta nyingi za maduka na afisi zetu ni za miaka iliyopita, na hazikubali Windows 11 kwa kuwa toleo hilo lataka vijenzi ambavyo mashine za zamani hazina. Basi baadhi ya wenye biashara wamechagua njia nyingine: wameiacha mashine ileile na kutia humo Linux, mfumo usiolipiwa, kama vile Ubuntu au Linux Mint.

Kwa kuandika barua, kufanya hesabu na kuingia kwenye intaneti, mabadiliko hayo aghalabu hayasumbui. Tabu huanza pale kompyuta mbili zinapotakiwa kushirikiana. Karani aliye mbele ya duka anataka orodha ya bei iliyomo katika kompyuta ya afisini. Mara folda haionekani, mara inaonekana lakini anaambiwa hana ruhusa. Hapo Linux hulaumiwa, na fundi mwenye haraka huiacha folda wazi kwa kila mtu ili mradi kazi iendelee. Duka linaendelea, ila tangu siku hiyo mishahara, madeni na nambari za vitambulisho vya wateja zinasomeka na yeyote aliyepewa Wi-Fi ya duka. Dada msomaji, hili si jambo la kulipuuza, na wala halihitaji usomi mkubwa kulikinga.

Tuanze na msingi. Kompyuta za Windows hushirikiana faili kwa itifaki iitwayo SMB, yaani utaratibu wa mazungumzo ambao pande zote mbili zimekubaliana. Linux huzungumza nazo kwa programu iitwayo Samba. Programu hiyo ilianzishwa na Andrew Tridgell, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Canberra, Australia, na ilitolewa kwa watu mwaka 1992. Jina lake alilipata kwa kutafuta katika orodha ya maneno neno lenye herufi S, M na B.

Ombi la kufungua faili hupita milango mitano: njia, jina, lugha, utambulisho na ruhusa. Mlango mmoja ukifungwa, yaliyo mbele yake hayafikiwi. Kwa hivyo ukaguzi ufuate mpangilio huo, mlango baada ya mlango, bila kurukaruka.

Mlango wa kwanza ni njia. Hakikisha kompyuta zote mbili zimo katika mtandao mmoja. Rauta nyingi hutoa Wi-Fi mbili, ya wenyeji na ya wageni, na ile ya wageni aghalabu huzuia kompyuta zisionane. Andika ping na anwani ya kompyuta ya afisini, kwa mfano 192.168.1.10. Jibu likija, njia i wazi. Kimya peke yake si ushahidi wa kutosha, maana Windows huweza kunyamaza kwa sababu za ulinzi. Tazama pia fayawoli, yaani programu ya ulinzi inayochuja mawasiliano: SMB hupitia mlango nambari 445, nao uruhusiwe kwa kompyuta za mtandao wa duka tu.

Mlango wa pili ni jina. Zamani kompyuta za Windows zilikuwa zikitangazana majina kwa utaratibu ambao sasa umeachwa. Ndiyo maana ukifungua orodha ya mtandao waweza kukuta patupu, ilhali folda ipo na inafanya kazi. Jaribu kuandika anwani yenyewe katika programu ya faili: smb://192.168.1.10/hesabu. Ikifunguka kwa nambari na kukataa kwa jina, basi kosa ni la jina peke yake. Dawa yake ni kuiambia rauta impe mwenyeji huyo anwani ileile daima, isije ikabadilika kila umeme unapokatika na kurudi. Ukitaka kompyuta ya Linux ionekane katika orodha ya Windows, fundi aweke programu ndogo iitwayo wsdd.

Mlango wa tatu ni lugha. SMB ina vizazi: SMB1 ya zamani, kisha SMB2 na SMB3. Mwezi Mei 2017 virusi vya WannaCry vilipita katika ufa wa SMB1 vikafunga faili za kompyuta katika nchi zaidi ya 150, zikiwemo za hospitali za umma za Uingereza. Baada ya hapo SMB1 iliwekwa kando. Tangu mwisho wa mwaka huo Windows 10 iliyosakinishwa upya ilianza kuiacha, na Samba toleo la 4.11 la mwaka 2019 ilianza kuikataa isipoamrishwa vingine. Hivyo sanduku kuukuu la kuhifadhia faili, au mashine ya fotokopi inayotuma nakala kwenye folda, huweza kunyamaza ghafla baada ya kuweka mfumo mpya, kwa kuwa linajua lugha ya kale tu. Tafuta sasisho la kifaa hicho. Lisipokuwepo, kistaafishwe, au nakala zihamishwe kwa flashi. Akitokea fundi wa kusema atairudisha SMB1 kwa mstari mmoja, mwambie asifanye hivyo, kwani atakuwa anaufungua tena ufa uleule.

Mlango wa nne ni utambulisho, na hapa ndipo wengi hukwama. Karani ana jina na neno la siri la kufungulia kompyuta, naye hudhani yatosha. Lakini Samba ina daftari lake la maneno ya siri, mbali na lile la Linux. Mtu asipoandikwa humo, atakataliwa hata akiandika neno lake kwa usahihi mara mia. Huandikwa kwa amri hii: sudo smbpasswd -a, ikifuatwa na jina la mtumiaji. Ikiwa folda imo katika kompyuta ya Windows, kumbuka kwamba ile PIN fupi ya kufungulia skrini haitumiki mtandaoni. Hutakiwa neno la siri kamili la akaunti. Kadhalika, kompyuta huweza kukumbuka neno la zamani na kulituma kimyakimya; lifutwe, kisha uandike jipya. Tena Windows 11 Pro, tangu toleo la 24H2 la mwaka 2024, humkataa mgeni asiye na neno la siri. Folda iliyokuwa ikifunguliwa bila kuulizwa chochote inaweza kufungika kwa sababu hiyo, na huo ni ulinzi, si ubovu.

Mlango wa tano ni ruhusa. Folda iliyo katika Linux ina kufuli mbili: ya Samba na ya Linux yenyewe. Zote mbili sharti zikubali. Samba ikisema andika na Linux ikisema soma tu, mtu atasoma tu. Kosa lililozoeleka ni kuiweka folda ya duka ndani ya makazi ya mtumiaji mmoja. Tangu mwaka 2021, Ubuntu huyafunga makazi hayo dhidi ya watumiaji wengine, kwa hivyo folda iliyo ndani haifikiwi hata iwe imeruhusiwa vipi. Iwekwe mahali pa wote, kwa mfano /srv/duka.

Kosa jingine: karani anaandika faili asubuhi, na mwenye duka akitaka kuisahihisha jioni anaambiwa ni ya kusoma tu, kwa kuwa faili imeandikwa kwa jina la karani. Hapa ndipo fundi wa haraka huandika chmod 777, amri inayompa kila mtu uwezo wa kusoma, kubadili na kufuta. Tiba iliyo salama ni kikundi. Wanaohusika waingizwe katika kikundi kimoja, tuseme duka. Folda ikabidhiwe kikundi hicho kwa sudo chgrp duka /srv/duka. Kisha ipewe sudo chmod 2770 /srv/duka. Ile 2 ya mwanzo huzifanya faili mpya zirithi kikundi, na sifuri ya mwisho huwafungia walio nje. Katika faili ya smb.conf, chini ya folda hiyo, iandikwe read only = no, valid users = @duka, create mask = 0660 na directory mask = 2770. Amri ya testparm itaonyesha kama pana mstari ulioandikwa vibaya. Aliyeingizwa katika kikundi atoke na kuingia upya kabla ya kujaribu.

Lipo pia jambo linalofanana na ubovu nalo silo. LibreOffice ikisema faili inatumiwa na mtu mwingine, huenda karani ameifungua kweli. Lakini umeme ukikatika, hubaki alama ndogo iliyofichika, jina lake huanza kwa .~lock. Hakikisha kwanza hakuna aliyeifungua, ndipo uifute alama hiyo. Na majina ya faili yasiwe na nukta mbili wala alama ya kuuliza: Linux huyakubali, Windows huyakataa.

Zikikamilika hizo, mambo matatu yabaki mikononi mwa mwenye biashara, si mwa fundi. La kwanza, mishahara na vitambulisho viwe katika folda ya peke yake, yenye kikundi cha watu wawili au watatu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inamtaka anayehifadhi taarifa za watu azilinde, na duka dogo halikosi kuwa na taarifa za watu. La pili, folda ya pamoja si akiba: anayefuta humo amewafutia wote. Nakala iwekwe kwenye diski nyingine kila wiki na kuhifadhiwa mbali na duka. La tatu, fundi asiondoke kabla ya kuandika katika karatasi moja anwani ya kompyuta ya afisini, jina la folda na waliomo katika kila kikundi. Maneno ya siri yasiandikwe hapo. Karatasi hiyo itiwe kwenye droo inayofungwa. Siku folda isipofunguka, itolewe, na ukaguzi uanze kwenye mlango wa kwanza.