Matembezi ya Jamaa: Siku Moja Kewanja

Wafanyakazi wengi wa mjini hudhani kuwa matembezi ni ya mwenye gari. Dhana hiyo huwafungia watoto nyumbani siku za mapumziko, wakaujua mkoa wao kwa kusikia tu. Juma hili tunamshauri msomaji wa Musoma apande basi la abiria pamoja na jamaa yake, waende Kewanja, wilayani Tarime, na kurudi siku hiyo hiyo.

Ondokeni alfajiri. Basi la Tarime hupita Makutano, panapochepuka barabara ya Butiama, alikozaliwa Mwalimu Nyerere mwaka 1922. Kisha huvuka daraja la Kirumi. Hapo waambieni watoto watazame nje. Maji yale yaliyotulia kati ya mafunjo ni Mto Mara, umekaribia kuingia Ziwa Victoria. Umeanzia misitu ya Mau nchini Kenya, ukasafiri kilomita 395 hivi, ukipita katika hifadhi za Maasai Mara na Serengeti, ambako nyumbu huuvuka kwa maelfu kila mwaka. Na waikumbuke sura yake.

Mjini Tarime mtabadili gari. Magari madogo ya Nyamongo hayana haraka mpaka yajae. Msinung'unike, kwani kungoja nako ni safari. Nunueni ndizi mbivu, sikilizeni Kikurya kinavyosemwa, na wazee wanavyomwita kila kijana "mura". Wavisheni watoto sweta, maana huku ni juu na asubuhi ni baridi. Mbele, kupitia Mogabiri na Nyamwaga, mtaona migomba, mahindi na kahawa.

Mkifika Kewanja, watoto watauliza habari za vilima visivyo na mti. Hivyo ni vifusi vya mgodi. Kewanja ni miongoni mwa vijiji vinavyouzunguka mgodi wa dhahabu wa North Mara, ulioanza kazi mwaka 2002. Wapeni jibu kamili. Kabla ya hapo wananchi walichimba kwa mikono yao. Mwaka 2009 maji machafu ya mgodi yalivuja yakaingia Mto Tigithe, ambao humwaga maji yake katika Mto Mara. Na kwa mapatano yaliyotiwa saini mwaka 2020, Serikali ilipata hisa za asilimia 16. Msiwaonyeshe dhahabu mkawaficha maji, wala msiwaonyeshe maji mkawaficha dhahabu.

Uzio wa mgodi msiusogelee, na watoto wasiingie mtoni, kwani Mto Mara una mamba. Ketini kwa mama lishe, mle ugali wa muhogo na ulezi, mzungumze na wenyeji habari za mvua na mavuno. Hawa si watu wa kutazamwa kama maonyesho; ni wakulima na wafugaji wenye watoto shuleni kama ninyi. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi nunueni chakula na matunda hapo hapo kijijini.

Saa tisa alasiri anzeni kurudi, msije mkakosa gari Tarime. Mkivuka tena Kirumi, waulizeni watoto: maji haya yametoka wapi, na yanakwenda kwa nani? Mtoto wa Musoma, ambaye bomba la kwao huleta maji ya ziwa hilo hilo, atajua kuwa Kewanja ni jirani yake.