Utakatifu Hauna Tarehe

Katika makanisa yetu ya Buha, kuanzia Kibondo hadi huku Munanila karibu na mpaka wa Burundi, kuna swali ambalo mgeni hawezi kulikwepa: "Ndugu, uliokoka lini?" Ni swali zuri, na mimi nina jibu lake, tarehe na mwezi. Lakini kuna swali la pili ambalo sijasikia likiulizwa kwa bidii hiyo hiyo. Tangu siku hiyo umekuwa mtu wa namna gani? Mke wako anasemaje? Na yule uliyepakana naye shamba la kahawa, naye anasemaje?

Sisi Waprotestanti wa nyanda hizi ni hodari wa kuanza safari, lakini mwendo wenyewe hatuujui. Nasema hivyo nikijua nitawaudhi wachungaji ninaowaheshimu. Barua kwa Waebrania, sura ya 12, inatuagiza tuutafute utakatifu kwa bidii, na kitu kinachotafutwa kwa bidii hakiwezi kuwa kile kile tulichokwisha kupokea jioni moja mbele ya madhabahu.

Wala si kwamba tulikosa urithi. Uamsho wa Afrika Mashariki, ambao mizizi yake ni kukutana kwa Daktari Joe Church na Simeoni Nsibambi mjini Kampala mwaka 1929, uliwaka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930. Blasio Kigozi alifariki mwaka 1936 akiwa bado kijana, na kifo chake hakikuuzima moto ule. Ulienea Uganda, Burundi na Tanganyika, na Dayosisi yetu ya Western Tanganyika, iliyoundwa mwaka 1966 makao yake yakiwa Kasulu chini ya Askofu Musa Kahurananga, ni ya ukoo huo. Wazee wa uamsho walifundisha kutembea katika nuru. Maana yake haikuwa kuimba Tukutendereza tu. Maana yake ilikuwa kumrudishia mtu jembe lake uliloiba, kumwomba mkeo msamaha mbele ya watoto, Mzungu kumwungamia Mwafrika kiburi chake.

Kitu gani kilitokea? Ushuhuda ukawa kama wimbo: maneno yale yale, mahali pale pale pa kupaza sauti, kwa miaka thelathini. Mtu anaungama pombe aliyoiacha zamani, na hasemi neno juu ya ulimi wake wa juzi. Utakatifu ukageuka orodha ya makatazo: pombe ya ndizi, tumbaku, ngoma. Kule Uganda kundi la Bazukufu, yaani walioamka upya, lilijitenga na wenzao, na miongoni mwa makatazo yake likaweka kukopa fedha. Sisemi kukopa ni jambo jema. Nasema orodha huwa inakua, na anayeishika huanza kumpima mwenzake kwayo.

Hapo ndipo ninapotaka kuwaleta watu ambao Waprotestanti wengi huwaogopa kabla ya kuwasikia: wale wanaoitwa watu wa mistiki, Wakristo waliotumia maisha yao kumtafuta Mungu kwa sala ya kimya na kwa kuichunguza mioyo yao bila huruma. Najua jibu litakuwa nini. "Hayo ni ya Kikatoliki." Katika Buha Wakatoliki na Waprotestanti tumekua bega kwa bega, huku kila upande ukimchungulia mwenzake kwa mashaka, na kumwambia mtu kwamba jambo fulani ni la upande wa pili kunatosha kulizika.

Lakini Martin Luther mwenyewe hakuogopa. Kitabu cha kwanza alichokichapisha, mwaka 1516, kilikuwa sehemu ya maandishi ya mtu wa mistiki wa Ujerumani asiyejulikana jina. Mwaka 1518 akakichapa chote, chini ya jina la Theologia Deutsch, akasema kwamba baada ya Biblia na Augustino ni kitabu hicho kilichomfundisha zaidi. John Wesley alitoa tafsiri yake ya Thomas a Kempis mwaka 1735. Na huyo Augustino alizaliwa Thagaste, katika Algeria ya leo. Antonio, baba wa watawa, alikuwa Mmisri, mtoto wa wazazi wenye mashamba. Basi anayesema mambo haya ni ya Wazungu aangalie ramani kwanza.

Nije kwenye lililonifanya nishike kalamu. Namfahamu mama mmoja, mjane, mwaminifu kwa sala kuliko wengi wanaosimama mimbarani. Ulifika wakati furaha ya wokovu ikamwishia. Akipiga magoti, hakuna kitu. Akifungua Biblia, anaona herufi. Akaenda kwa viongozi wake wa kanisa, ambalo jina lake naliacha. Jibu alilopewa ni kwamba ama ana dhambi iliyofichika, ama ana pepo. Usiku baada ya usiku alikemewa kwa sauti kubwa, akafungishwa kwa njaa, na mwisho akaulizwa mbele ya watu ataje alichokificha. Hakuwa na kitu cha kutaja. Alipoondoka pale alikuwa amekonda, na aibu imemjaa.

Kama viongozi wale wangekuwa wamemsoma Yohane wa Msalaba, huyo mama asingeteswa. Mtu huyu, Mhispania, aliyezaliwa mwaka 1542, aliujua ukavu huo kwa ngozi yake: watawa wenzake walimfungia Toledo tangu Desemba 1577 hadi Agosti 1578 katika kichumba kisichotosha kugeuka. Yeye anasema kuna usiku ambao Mungu mwenyewe humwingiza mtu, ili amwachishe kunyonya kama mama anavyomwachisha mtoto. Tena hakuacha jambo hili hewani. Alitoa alama tatu za kutofautisha ukavu unaotoka kwa Mungu na ule wa uvivu. Ya kwanza, mtu haonji utamu katika mambo ya Mungu, lakini haonji katika mambo ya dunia pia. Ya pili, anahangaika moyoni akidhani hamtumikii Mungu, mvivu hahangaiki. Ya tatu, hawezi tena kutafakari kama zamani, hata akijitahidi. Mjane yule alikuwa nazo zote tatu. Mkulima wa Munanila anajua kwamba kiangazi si laana, na hang'oi mibuni yake eti kwa sababu mvua imekata. Kwa nini basi tunang'oa watu?

Na matokeo yake tunayaona. Kwa kuwa tumewafundisha watu kwamba hisia ndiyo Mungu, hisia ikiisha wanahama. Leo yuko kwetu, mwakani yuko kwa Wapentekoste, halafu yuko kwenye kanisa jipya lenye jenereta na vipaza sauti vikubwa zaidi. Yohane aliwaita watu kama hao walafi wa kiroho. Neno kali, lakini nimetafuta jingine nikakosa.

Kuhusu maono na unabii, ambavyo sasa vimekuwa bidhaa, hao tunaowadhania kuwa watu wa ndoto ndio waliokuwa wakali kuliko sisi. Yohane anamkemea anayetamani mafunuo mapya, kwa sababu Mungu alikwisha kusema yote katika Mwanawe na hana neno jingine la kuongeza. Ni nani hapo Mprotestanti zaidi, yeye au yule nabii anayetuambia ni jirani gani katuroga? Teresa wa Avila, aliyefariki mwaka 1582 na ambaye mwenyewe aliona maono mengi, alipoambiwa juu ya masista wanaozimia kwa saa nyingi katika sala, aliagiza wapewe chakula na walale, na wapunguziwe kufunga. Nikumbuke hapa mikesha yetu mfululizo, na vijana wanaoanguka alfajiri kwa njaa na usingizi tukisema ni upako! Teresa huyo huyo alikiri kwamba kwa miaka kadhaa, alipokuwa katika sala, alitamani zaidi saa iishe kuliko kubaki pale. Ningependa kusikia mchungaji mmoja akisema hivyo Jumapili. Wengi wangepona.

Kipimo chake cha muungano na Mungu kilikuwa kimoja, upendo kwa jirani. Ukimwona mgonjwa na unaweza kumsaidia, acha sala yako uende. Lawrence, mtawa wa Paris aliyefariki mwaka 1691, alikuwa mpishi ambaye kwa asili yake hakupenda kazi ya jikoni, akajizoeza miaka mingi kukaa mbele za Mungu katikati ya vyungu hata asione tofauti kati ya saa ya sala na saa ya kazi. Mama zetu wanaopalilia maharage tangu asubuhi wangemwelewa kuliko walivyoelewa semina nyingi walizoitiwa.

Sisemi tumeze kila kitu. Heinrich Suso alijitengenezea msalaba wenye misumari akauvaa mgongoni; baadaye aliona mwenyewe aache, na afadhali aliacha. Kuomba kwa watakatifu sikubali. Kuna waliotoroka watu wakadhani wamemkaribia Mungu. Tena jirani zangu Wakatoliki wasijivune, maana wengi wao hawajawahi kumfungua huyo Yohane wao.

Linabaki pingamizi zito, nalo ni la neema. Watu husema: kazi imekwisha pale msalabani, mnataka kuturudisha kwenye matendo. Ndiyo, imekwisha. Lakini watu hawa hawakupanda ngazi ili wapate kibali. Wote wanafundisha kwamba ukavu wenyewe ni kazi ya Mungu, kwamba mtu hawezi kujitakasa, kwamba jitihada zake zote ni kufungua dirisha. Usiku wa Yohane ndio unaomnyang'anya mtu tegemeo la matendo yake mazuri, pamoja na fahari ya ushuhuda wake. Fundisho la neema kali kuliko hilo sijalipata katika mahubiri yetu.

Ninachoomba si kikubwa. Katika darasa la kipaimara, pamoja na amri kumi, zifundishwe zile alama tatu. Katika mkutano wa ushirika, kila wiki, vipaza sauti vizimwe kwa nusu saa, pasiwe na wimbo wala ushuhuda wala mtu wa kuongoza. Na mtu anayekuja kusema kwamba hasikii chochote anapoomba, apewe kiti na chai, asikilizwe hadi mwisho, kabla mtu yeyote hajamwekea mikono.